Jua Halijui Dunia Iko Wapi: Uchambuzi wa Kisa cha Grafu Moja kutoka Moshi

Grafu yenyewe ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mwenye nayo ni mwalimu wa fizikia wa sekondari moja mjini Moshi, anayesoma shahada ya uzamili kwa njia ya mtandao. Alikuwa amechora kasi ya plazima, ile gesi ya moto yenye chaji za umeme, chini ya uso wa Jua, ikitoka ikweta kwenda kwenye ncha zote mbili. Upande wa kaskazini plazima inaelekea kaskazini, upande wa kusini inaelekea kusini, mstari laini usio na makunyanzi. Tatizo lilikuwa kwenye tarakimu. Karibu na uso kasi ilifika mita 25 kwa sekunde, ilhali vipimo vya miaka mingi vinataja 10 hadi 20. Halafu kadiri alivyoshuka chini, kasi ilikataa kupungua. Ilizidi kupanda polepole mpaka grafu ikaishia kwenye kina cha kilomita 100,000 hivi.

Msimamizi wake alimjibu kwa maneno mawili: "Angalia tena." Ushauri sahihi, ila haumwambii mtu aangalie wapi.

Akanitafuta mimi, ambaye si mtu wa Jua. Kazi yangu hapa Arusha ni mitetemo ya ardhi. Waliokuwapo Julai 2007 watakumbuka jinsi nyumba zilivyotikisika wakati wa mfululizo wa matetemeko ya Gelai, kubwa kuliko yote likiwa la ukubwa wa 5.9 tarehe 17, kabla Ol Doinyo Lengai hajaanza kulipuka Septemba. Tangu hapo nimeishi na mistari ya mitetemo kwenye kioo cha kompyuta. Yeye aliwaza kwamba anayesikiliza tumbo la ardhi anaweza kusikiliza na tumbo la Jua, na hakukosea sana: hesabu ni ndugu. Tena deni liko upande wetu. Mbinu ya kuchukua kelele isiyo na mwanzo wala mwisho na kutoa ndani yake muda wa wimbi kusafiri kutoka hapa hadi pale, watu wa Jua waliitumia tangu 1993. Sisi wa ardhini tuliishika kwa nguvu miaka kumi hivi baadaye.

Sauti inavyopima mwendo

Kisa hakieleweki bila kujua alichokuwa anapima, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwaka 1962 Robert Leighton, Robert Noyes na George Simon, waliokuwa wakifanya kazi na darubini ya Mount Wilson kule California, walitangaza kwamba uso wa Jua unapanda na kushuka kwa kipindi cha dakika 5 hivi. Sababu haikujulikana mara moja. Roger Ulrich mwaka 1970, kisha John Leibacher na Robert Stein mwaka 1971, walisema hayo ni mawimbi ya sauti yaliyonaswa ndani ya Jua, na mwaka 1975 Franz-Ludwig Deubner akaonyesha kwa vipimo kwamba ndivyo. Mawimbi hayo yanazaliwa juu, kwenye mchemko wa plazima, nayo hayakomi. Mtu wa matetemeko hulazimika kusubiri ardhi itetemeke. Jua linatetemeka saa zote, usiku kwetu na mchana.

Wimbi likizama, hukutana na joto linaloongezeka. Kwenye joto kubwa sauti hukimbia zaidi, basi njia ya wimbi hupinda taratibu mpaka linageuka na kurudi juu, likaibuke mahali pengine mbali na lilikoanzia. Likizama likiwa limelala zaidi huibuka karibu; likizama wima zaidi hufika chini sana na kuibuka mbali. Kwa hiyo umbali kati ya sehemu mbili za uso ndio unaoamua kina unachokisikiliza. Ukitaka kujua ya karibu na juu, linganisha sehemu zilizo karibu. Ukitaka ya chini, linganisha zilizo mbali.

Sasa mwendo. Anayeogelea mtoni kufuata mkondo hufika upesi kuliko anayerudi akipingana nao, na tofauti ya muda wao inakuambia mkondo una kasi gani hata kama hukuwahi kugusa maji. Mawimbi ya sauti hufanyiwa hivyohivyo na plazima. Chukua sehemu mbili zilizoachana digrii 10 juu ya Jua, sawa na kilomita 121,000 hivi. Wimbi hutumia kama sekunde 2,800 kati yao, karibu dakika 47. Kama plazima inatiririka mita 15 kwa sekunde njiani kote, kwa hesabu ya harakaharaka tofauti kati ya kwenda na kurudi haizidi sekunde 2. Sekunde 2 ndani ya dakika 47, na hapo ni karibu na uso. Chini zaidi, ambako sauti inakimbia kwa makumi mengi ya kilomita kwa sekunde na plazima inakwenda polepole, unatafuta sehemu ndogo tu ya sekunde moja.

Swali la kwanza aliloniuliza kwenye simu lilikuwa hilo: mtu anapimaje nusu sekunde kwa kamera inayotoa picha kila baada ya sekunde 45? Inawezekana kwa sababu wimbi la dakika 5 hupigwa picha zaidi ya mara 6 katika kila mzunguko wake, kwa hiyo umbo lake linajulikana vizuri hata katikati ya picha na picha. Ukilinganisha jozi kwa maelfu, kwa siku nyingi, kosa la kila jozi linamezwa na wingi. Hapa hakuna mazingaombwe.

Ila wingi humeza kelele ya kubahatisha tu. Kosa linaloegemea upande mmoja kila siku halimezwi na chochote. Ukiongeza data, linang'aa zaidi.

Alichokifanya

Data yake ilitoka kwenye chombo kiitwacho HMI, kilichomo ndani ya setilaiti SDO ya NASA iliyorushwa tarehe 11 Februari 2010. Chombo hicho hutazama mstari mmoja wa mwanga wa chuma, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 617.3, na kwa athari ya Doppler, yaani mwanga kubadilika urefu wa wimbi kitu kinaposogea, hutoa kasi ya kila nukta ya uso: inatujia au inatukimbia. Picha ina pikseli 4,096 kwa 4,096. Kwa siku moja ni picha 1,920.

Hakuna mwalimu wa sekondari Moshi anayepakua mzigo huo kwa bando la simu. Ila hifadhi ya data iliyoko Chuo Kikuu cha Stanford inaruhusu kuomba picha zipunguzwe huko huko kabla ya kupakua. Yeye aliomba pikseli 512 kwa 512, mara 64 pungufu, ambazo kwa sehemu zilizoachana digrii kadhaa zinatosha kabisa. Alichukua mwezi mzima wa Septemba. Upakuaji ulifanyika usiku, na umeme ulipokatika programu ilianza faili upya. Alipomaliza, aliondoa mwendo wa setilaiti yenyewe, ambao kuelekea Jua unaweza kufika kilomita 3 kwa sekunde. Akaondoa mzunguko wa Jua, ambao ikweta ni kilomita 2 kwa sekunde. Akalaza duara kuwa ramani. Kisha akalinganisha jozi za kaskazini na kusini kwenye ukanda wa katikati, akapata tofauti za muda, akazigeuza kuwa kasi.

Nilipitia programu yake mstari kwa mstari. Ilikuwa safi. Hilo ndilo lililonifanya niache kutafuta kosa la kuandika na kuanza kutafuta kosa la asili.

Onyo la kwanza halihitaji kompyuta. Plazima ikienda kwenye ncha pande zote, lazima irudi ikweta kwa njia nyingine, la sivyo ncha zingefura. Tabaka linalochemka la Jua lina kina cha kilomita 200,000 hivi, na kutoka juu hadi chini yake plazima inakuwa nzito kwa takriban mara milioni moja. Mkondo wa kurudi unaweza kuwa wa polepole kwa sababu kule chini kuna uzito mwingi. Lakini grafu ya mwalimu ilionyesha nusu nzima ya juu ya tabaka hilo ikienda kwenye ncha, tena kwa kasi inayoongezeka pale ambapo uzito unaongezeka. Nusu ya chini ingelazimika kurudisha mzigo huo wote kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Nadharia inaweza kukosea, sawa. Ila mtu akiambiwa avunje hesabu ya maada kwa ushahidi wa mwezi mmoja, kwanza aushuku mwezi huo.

Jumamosi, karatasi mezani

Alikuja Arusha kwa kosta ya asubuhi, tukakutana kwenye mgahawa karibu na stendi ndogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwalimu mwenzangu. Za Moshi?"

"Moshi nzuri, mlima tu umejifunika." Akatoa bahasha kabla hata ya kuagiza chai. Ndani mlikuwa na karatasi za A4 alizochapisha stationery, kila kina na karatasi yake.

Nashukuru alichapisha, maana kwenye kioo cha simu tusingeona. Nikamwomba rula. Kwenye kila karatasi tukatafuta mahali mstari unapokata sifuri, yaani pale ambapo mkondo wa kaskazini unaachana na wa kusini. Mahali hapo panatakiwa kuwa ikweta, au jirani yake kabisa. Kwenye karatasi ya kina kidogo, mstari ulikata kati ya digrii 2 na 3 kaskazini. Ya pili, 3 na ushee. Ya chini kabisa, kama digrii 5. Kila tulivyoshuka, mwachano ulihamia kaskazini.

"Ni pembe ya kamera," akasema. "Picha imeinama kidogo, mzunguko unavuja."

Wazo zuri, na watu wa fani wamelihangaikia kweli. Kamera ikiinama digrii 0.1 tu, mzunguko wa mita 2,000 kwa sekunde utamwaga kiasi cha mita 3.5 kwa sekunde kwenye upande wa kaskazini na kusini. Ndiyo sababu Zuhura ilipopita mbele ya Jua Juni 2012, wenye HMI waliitumia kuhakiki pembe ya kamera zao. Lakini mvujo wa aina hiyo unasukuma upande mmoja kila mahali. Ungeongeza mkondo wa kaskazini na kupunguza wa kusini kwa kiasi kilekile. Kwenye karatasi zetu pande zote mbili zilikuwa zimezidi. Pembe ya kamera ikawa nje.

Akanywa chai kidogo, akaja na jingine, na hili nilipenda zaidi. Ukingo wa Jua uko mbali na sisi kuliko katikati yake, kwa kilomita 696,000, ambazo ni nusu kipenyo cha Jua. Mwanga unazikimbia kwa sekunde 2.3. Kwa hiyo kila kinachotokea ukingoni tunakiona kimechelewa. Je, si ndizo sekunde tunazozitafuta?

Tukapiga hesabu nyuma ya karatasi. Chukua nukta mbili, moja digrii 40 kutoka katikati ya duara, nyingine digrii 50. Ya pili inachelewa kuliko ya kwanza kwa sekunde 0.29 hivi. Ukitoa muda wa kwenda kwa muda wa kurudi, kosa linajirudia mara mbili: karibu sekunde 0.57. Ni kubwa! Umbo lake pia linafanana, linatoka katikati kwenda nje pande zote. Akafurahi. Nikamwambia tufuate alama ya jumlisha na toa kwanza. Wimbi linalotoka katikati kwenda ukingoni tunaona kuondoka kwake mapema na kufika kwake kwa kuchelewa, kwa hiyo safari inaonekana ndefu. Linalorudi, safari inaonekana fupi. Maana yake mwanga unatengeneza mkondo wa uongo unaoelekea katikati. Wetu ulikuwa unatoka katikati.

Yaani kusahihisha kuchelewa kwa mwanga kungeufanya mkondo wake uwe mkubwa zaidi. Alikaa kimya akiangalia ile alama ya kutoa.

Kwa nini Septemba

Neno "katikati" ndilo lililofungua mambo. Tulikuwa tunasema katikati ya duara na ikweta kama kitu kimoja, na mara nyingi ni karibu kitu kimoja. Lakini mhimili wa Jua umeinama digrii 7.25 kutoka wima wa mzingo wa Dunia. Mwanzoni mwa Machi ncha ya kusini ya Jua inatuinamia; mwanzoni mwa Septemba, ya kaskazini. Septemba, ukitazama Jua kutoka huku, katikati ya duara haiko kwenye ikweta ya Jua. Iko kama digrii 7 kaskazini.

Sasa rudi kwenye rula. Mkondo wa kweli, mali ya Jua, unaachana kwenye ikweta. Mkondo wa uongo, mali ya namna tunavyotazama, unaachana kwenye katikati ya duara, digrii 7 kaskazini. Ukivichanganya, mwachano utaangukia katikati ya hizo mbili, na utasogea kwenye 7 kadiri uongo unavyozidi kuutawala ukweli. Karatasi zake zilikuwa zinasoma 2 na kitu, 3 na ushee, 5. Kina kikiongezeka, mkondo wa kweli unafifia kwenye data, wa uongo unabaki palepale, kwa hiyo mwachano unatambaa kaskazini. Hata bila kujua chanzo, ungeweza kusema kuna kitu humu kinachojua Dunia iko wapi. Jua halijui Dunia iko wapi. Plazima yake haiwezi kuchagua kuachana chini ya macho yetu.

Kuanzia hapo jaribio la kumaliza ubishi lilijileta lenyewe: uliza swali ambalo jibu lake lazima liwe sifuri. Badala ya jozi za kaskazini na kusini, fanya jozi za mashariki na magharibi kwenye ikweta. Huko kuna mzunguko wa Jua, ndiyo, lakini mzunguko unasukuma upande mmoja tu, kutoka ukingo wa mashariki kwenda wa magharibi, sawasawa kila mahali. Tena kwa mwezi mzima longitudo zote za Jua zinapita mbele yetu, kwa hiyo doa hapa na mkondo mdogo pale vinafutana. Ukiondoa sehemu iliyo sawa, kinachobaki hakina haki ya kutofautiana kati ya kushoto na kulia kwa katikati ya duara. Kikitofautiana, si cha Jua.

Alirudi Moshi jioni, akaiacha kompyuta ikikokotoa, na Jumatatu kabla ya kipindi cha kwanza akanitumia picha. Mkondo ulikuwepo. Ulitoka katikati ukaenda mashariki, ukatoka katikati ukaenda magharibi, kwa ukubwa unaolingana na ziada aliyokuwa nayo kaskazini na kusini.

Akaongeza jaribio jingine ambalo sikumwomba. HMI haitoi kasi tu. Kutoka kwenye mwanga uleule hutoa pia picha za ung'avu. Alichukua siku zilezile, Jua lilelile, akapima kwa ung'avu. Mkondo ukatoka tofauti, kwa ukubwa na kwa umbo. Plazima moja haiwezi kuwa na kasi mbili kwa sababu tu mpimaji amebadilisha kipimo. Kwangu hilo ndilo lililokuwa ushahidi mzito kuliko yote, hata kuliko ikweta.

Wengine walishapita hapa

Kijiji hiki si kipya. Mwaka 2012 Junwei Zhao wa Stanford na wenzake walieleza jambo hilihili kwa kirefu, wakitumia data ya SDO: muda wa mawimbi unabadilika kutoka katikati ya duara kwenda ukingoni, na unabadilika kivyake kwa kila aina ya kipimo. Walipotoa tofauti za mashariki na magharibi kutoka kwenye zile za kaskazini na kusini, vipimo vyote vikakubaliana, na mkondo wa kwenda kwenye ncha ukapungua kwa mita 10 hivi kwa sekunde. Mwalimu alikuwa amesoma habari za mkondo tangu ulipogunduliwa chini ya uso mwaka 1997, ila sura hiyo ya 2012 ilimpita. Sishangai. Kwenye makala nyingi zilizofuata marekebisho haya yamebanwa kwenye sentensi moja ya njia za utafiti, kana kwamba kila mtu anayajua toka tumboni.

Kwa nini inatokea? Maelezo yaliyopendekezwa mwaka huohuo na Charles Baldner na Jesper Schou yanaanzia kwenye mchemko wa juu kabisa. Plazima ya moto inapanda kwa mapana na kung'aa. Iliyopoa inashuka kwenye mianya membamba yenye giza. Kupanda na kushuka huku hakufutani sawasawa ndani ya mwanga tunaoupokea, na kunayumbisha kidogo wimbi kati ya kimo kimoja na kingine. Ukitazama katikati ya duara unaona tabaka la chini kidogo. Ukitazama ukingoni, mwanga unakuja kwa mshazari na kutoka tabaka la juu zaidi. Kwa hiyo wimbi lilelile linasomwa likiwa kwenye hatua tofauti ya mtikisiko wake kutegemea umelitazama wapi. Ni tofauti ya sekunde moja au mbili, lakini sekunde moja au mbili ndiyo bidhaa yenyewe inayouzwa hapa. Maelezo haya hayajafunga mjadala wote, ila yanakwenda na alichokiona: kubadilisha kipimo ni kubadilisha kimo unachotazama.

Alipofanya marekebisho, karatasi ya juu ilitulia. Kasi ilishuka hadi karibu mita 15 kwa sekunde, na mwachano ukarudi kwenye ikweta, ndani ya nusu digrii. Chini ya kilomita 40,000 hivi, makosa ya kipimo yalizidi kipimo chenyewe. Huko hakuna kilichobaki cha kusema kaskazini wala kusini.

Hilo lilimuuma, maana tasnifu yake ilikuwa imeandikwa jina la mkondo wa kurudi. Ni swali ambalo linastahili kutamaniwa. Madoa ya Jua huanza mzunguko wao wa miaka 11 kwenye latitudo za kati na kuteremka kuelekea ikweta, na kuna nadharia inayosema mkondo wa kurudi kule chini ndio unaoburuta usumaku unaoyazaa. Mwaka 2013 kundi la Zhao, kwa data ya HMI iliyorekebishwa, lilisema mkondo wa kurudi uko juujuu, kati ya asilimia 82 na 91 ya nusu kipenyo, na chini yake kuna mzunguko wa pili. Mwaka 2020 Laurent Gizon na wenzake, kwa data ya 1996 hadi 2019 kutoka chombo MDI cha setilaiti SOHO na mtandao wa vituo vya ardhini uitwao GONG, walisema mzunguko ni mmoja kila upande, na kurudi kwenyewe kuko kwenye sakafu ya tabaka linalochemka, kwa mita 4 hivi kwa sekunde kwenye latitudo ya 45. Makundi mawili yenye uzoefu, majibu mawili. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya ugomvi huo inakaa palepale tulipoweka rula: marekebisho ni makubwa kuliko kinachotafutwa. Mwezi mmoja wa Septemba, hata ungesafishwa vipi, hauwezi kuingia kwenye ubishi wa data ya miaka 23.

Nilimshauri abadilishe swali, asiongeze data. Alipinga kwanza. "Sasa nitaandika nini, mwalimu, kwamba nimekosa?" Nikamwambia aandike mkondo wa juu, ambao ameupima vizuri, na aufanye uongo wa katikati-ukingo kuwa sura nzima, kwa sababu ameuona kwa njia tatu zisizotegemeana. Msimamizi alikubali siku hiyohiyo, akitaka nyongeza moja: apime na Machi.

Ni nyongeza ya mtu anayejua kazi. Machi katikati ya duara inakuwa digrii 7 kusini. Kama maelezo yetu ni sahihi, mwachano kwenye data ghafi lazima uhamie kusini, na kama kuinama kwa kamera ndiko kosa, ungebaki kaskazini. Alipakua Machi iliyofuata Septemba ile, kwa programu ileile bila kugusa mstari. Data ghafi ya chini kabisa ikakata sifuri karibu na digrii 5 kusini.

Baada ya marekebisho, Machi na Septemba zilikaribiana lakini hazikulingana kabisa. Kwenye kina cha kati bado mwachano wa Machi uko kusini kwa karibu digrii moja ukilinganisha na wa Septemba. Huenda ni kelele. Huenda pia ni dhana iliyojificha ndani ya kutoa kwenyewe: tunachukulia kwamba uongo unategemea umbali kutoka katikati tu, kwamba kwenda mashariki ni sawa na kwenda kaskazini. Ameiandika tofauti hiyo kwenye jedwali la makosa kwa jina lake, bila kuipaka rangi, na sasa anapakua miezi hiyohiyo kutoka GONG, yenye vituo 6 ardhini na picha ya kila dakika, kamera nyingine na mstari mwingine wa mwanga, aone kama ile digrii moja itakuwepo na huko.